Kiwiko cha mzee kikivunjika: lini kipasuliwe, na vyuma vinawekwaje

Mzee akiangukia kiwiko, mara nyingi huvunjika olekrano, ile ncha ya nyuma inayoshikwa na msuli wa triseps. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba, kisha pima hisia za kidole cha mwisho, maana neva ya ulna (ulna ni mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole hicho) inapita hapohapo. Mwinue mkono juu ya kichwa, mwambie anyooshe kiwiko. Akishindwa, triseps imeshavuta kipande, na eksirei ya kiwiko iliyopigwa kwa upande itaonyesha mwanya.

Mwanya huo peke yake si sababu ya kupasua. Aliyevuka miaka 75 na asiye na kazi nzito hupata mkono wa kutosha kula, kuoga na kuvaa hata mfupa usipounga: mkono uning'inizwe kwa kitambaa shingoni wiki 2 hadi 3, kisha aanze kuukunja. Wa kupasuliwa ni mwenye jeraha wazi, aliyeteguka kiungo, au anayehitaji mikono ili ajiinue kwenye kiti.

Mlaze ubavu, mkono ukining'inia juu ya egemeo. Kata nyuma, ukiikwepa ncha kwa upande wa nje, ili kovu lisikae panapoegemewa. Ondoa damu iliyoganda, rudisha kipande, kibane. Ingiza pini mbili sambamba za milimita 1.6 hadi 2 mpaka ziume ukuta wa mbele wa ulna. Zikizidi hapo, kiganja hakitageuka vizuri. Toboa ulna sentimita 3 hadi 4 chini ya ufa, pitisha waya wa milimita 1 kwa umbo la nane, uzame chini ya triseps, ukaze pande zote mbili. Kunja vichwa vya pini, uvizike ndani ya msuli. Hapa ndipo wengi huharakisha: pini isiyozikwa hurudi nyuma, na ngozi ya mzee ni nyembamba, hutoboka upesi.

Ufa mmoja uliokingama unafaa waya. Mfupa uliosagika, waya huufupisha tu; weka bamba la skrubu, na kipande cha juu kikiwa laini, shona triseps kwenye bamba kwa uzi mnene.

Kiwiko hukakamaa haraka, hivyo plasta isizidi wiki 2, na mkono usioumia usaidie kuukunja uliofanyiwa upasuaji. Kwa wiki 6 asijisukume kuinuka kitandani. Hilo ndilo gumu kuliko yote: inueni kitanda na kiti cha choo mapema, kabla hajarudi nyumbani.