Ukitaka kufungua nyumba ya wageni ya sanaa Lushoto, anza na karakana

Wengi wanaokuja kuniuliza namna ya kufungua nyumba ya wageni ya sanaa huku Usambara huanza na bei ya vitanda. Mimi huwaambia waanze na karakana. Mgeni anayepanda mlima kutoka Mombo, kona baada ya kona kwa kama kilomita 33, kitanda kizuri amekiacha Dar es Salaam. Anachofuata ni kukaa jirani na kazi ya mikono, msitu ukiwa karibu.

Kabla ya kuchimba msingi, tazama jua. Lushoto iko kusini ya Ikweta kidogo tu, kwa hiyo kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupitia upande wa kaskazini. Madirisha makubwa ya karakana yaelekeze kusini, mchoraji apate mwanga uliotulia. Baraza na vyumba vielekee kaskazini, maana Juni hadi Agosti huku ni baridi kweli na wageni watautafuta mwanga wa jua. Maji ya moto na mablanketi mazito ni lazima. Vyumba vinne vinatosha. Vikizidi, hutawajua wageni wako kwa majina.

Ufinyanzi ndio moyo wa nyumba ya namna hii. Kwa Washambaa ni kazi ya wanawake, na mabinti hujifunza kwa mama zao. Usiwaite kina mama hao waje kuonyeshwa kwa wageni. Wafuate kwao, kaa nao, waulize siku za kuchimba udongo na za kuchoma, kisha ratiba yako ifuate yao. Kama kuna mahali au siku wasiyotaka mgeni aone, basi haoni. Chungu kikikaushwa haraka hupasuka, na ukungu wetu huchelewesha kukauka, hivyo mgeni wa siku mbili usimwahidi kuondoka na chungu alichofinyanga mwenyewe. Mpe kilichokaribia kukauka akisugue kwa kokoto hadi king'ae. Anayekaa wiki au zaidi ndiye aanze na bonge la udongo. Wakati wa masika kuchoma nje ni kubahatisha, kwa hiyo miezi hiyo iwe ya kuchora.

Kwenye kuchora, vijana wengi watakuja na Tingatinga, mtindo alioanzisha Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwaka 1968, wa rangi ya mafuta inayong'aa juu ya hadibodi. Wapokee kwa heshima. Ila waombe wachore ya huku: mbega mweusi na mweupe, kinyonga mwenye pembe, mashamba ya ngazi mlimani. Pundamilia wamejaa maduka yote ya mjini. Mlipe msanii siku aliyofundisha, hata kama hakuna aliyenunua picha, na fungu la nyumba katika kila mauzo lijulikane kwa wote.

Chakula kitoke kwa majirani. Bustani za Lushoto zina mboga na matunda ya kutosha.

Msituni Magamba mgeni aende na mwongozaji, na ada ilipwe. Wasichomoe mimea. Lile ua dogo la zambarau, Saintpaulia, linalouzwa kwenye vyungu duniani kote, asili yake ni milima hii ya Tanzania, na porini limebaki haba kwa sababu misitu imekatwa. Ukilitaka barazani, tafuta kwa mwenye kitalu; jani moja likichomekwa kwenye udongo wenye unyevu linatoa mche. Na karibu na chemchemi usipande mikaratusi, inakunywa maji mno. Panda miti ya asili.

Vyumba vikiisha, usitangaze bado. Walaze kwanza wasanii wako humo usiku wa Julai, asubuhi wakuambie baridi inapenyea wapi.