Kabla hujaja kupiga gofu Malindi, soma hii kwanza

Kwanza kabisa piga simu, na nasema simu sio meseji. Viwanja vingi vya huku pwani ni vya memba lakini mgeni anaingia akilipa ada ya siku, sasa ndugu zetu wa bara wakisikia tu mgeni anaruhusiwa wanafunga begi, wanatua Jumamosi asubuhi, kumbe memba wana shindano lao na wao wanabaki verandani na soda. Uliza siku gani kuna nafasi, ada ni ngapi, vifaa vya kukodi vipo au ubebe vyako, na uwanja una mashimo mangapi, maana sio lazima yawe 18, hata ule wa Mombasa ulio hapo tangu 1911 ni wa mashimo 9, ukitaka 18 unazunguka mara mbili.

Nguo ni zile zile za gofu popote, shati la kola na suruali ya heshima, jinzi iache hotelini. Glavu beba mbili bana, unyevu wa huku mkono unatoka jasho mpaka rungu linataka kukukimbia.

Saa nazo. Anza saa 12 na nusu asubuhi ukiweza, ikifika saa 4 jua limeshakuwa jua. Wa jioni wanaanza saa 10 lakini wahesabu vizuri, hapa karibu na ikweta hakuna jioni ndefu, ikikaribia saa 1 ni giza na mpira huuoni.

Sasa upepo, hapa ndipo watu wanapoumia. Kuanzia Desemba mpaka Machi ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kuna joto lakini afadhali, halafu mwezi wa 4 inaingia mvua na kusi, upepo wa kutoka kusini, inageuza kila kitu, mwezi wa 5 usije kabisa kama hupendi matope, na mwezi wa 7 kusi inavuma kweli kweli. Yaani shimo ulilolifikia Januari kwa aini namba 7, rungu la masafa ya kati, ukirudi Julai upepo uko usoni unatoa mbao, rungu la kupiga mbali, na bado hufiki. Ukiuona mnazi umelala upande mmoja usiupige mpira juu, upige chini chini uende ukikimbia. Na grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, usisome mteremko peke yake, nyasi zina uelekeo wake, zikimeta mpira unateleza, zikiwa nyeusi nyeusi unakwama njiani.

Haya yote kedi, yule anayekubebea begi na kukuelekeza, anayajua kuliko mimi, kwa hivyo mchukue hata kama umezoea kubeba begi mwenyewe. Mimi nilishawahi kubishana na mmoja, mzee wa makamo hivi, akaniambia piga kulia kwa shimo, mimi naona kushoto wazi wazi, nikapiga kushoto, mpira ukaenda zake kama umeitwa. Hakusema kitu, alishika bendera akaangalia baharini, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Malipo yake mkubaliane kabla ya tii ya kwanza, pale unapoanzia kupiga, na bakshishi beba noti ndogo, usimwambie mtu wa watu hauna chenji.

Ukija mwezi wa Ramadhani ujue huenda kedi wako amefunga. Kunywa maji yako, hakuna atakayekukataza, ila cheza asubuhi, usimburute juani mchana wala kumshikilia mpaka magharibi wakati nyumbani wanamsubiri kwa futari. Ijumaa mchana pia usipange, wengi wako msikitini.

Mwisho ni mipira, beba mingi na ile ya bei usilete. Sheria ya gofu tangu 2019 ni dakika 3 tu za kutafuta mpira uliopotea, na vichaka vya huku dakika 3 hazitoshi hata kukunja suruali. Halafu kuna kunguru, hao nao kitu cheupe kwenye majani wanaona ni yai.