Umevuka 50 na unataka kusafiri nje peke yako? Anzia Kigali

Mashoga zangu mnaoniuliza kila siku "we unawezaje kwenda peke yako", leo naandika yote mara moja nisirudie rudie. Nina miaka 58, safari yangu ya kwanza ya peke yangu nje ya nchi nilikua na 54, watoto wameshaondoka nyumbani na nilikua nimechoka kusubiri mtu wa kwenda nae, maana huyu hana hela, yule mume hataki, mwingine anasema mwakani na hio mwakani haifiki. Nikaenda Kigali siku nne. Najua wengi mnawaza Dubai na Istanbul, mtaenda tu, ila ya kwanza iwe karibu, sehemu ambayo visa hakuna, Kiswahili kinasikika (Rwanda wamekifanya lugha rasmi tangu 2017), na ukishindwa kabisa unapanda gari unarudi kwako bila aibu.

Kitu kigumu kuliko vyote ni kuaga. Nasema kuaga, sijasema kuomba ruhusa. Mi nilikosea, nikawaita wanangu nikawaambia "nafikiria kwenda", basi wiki nzima ni simu, mama una nini, mama kuna mtu kakuudhi, kaka yao akataka anitafutie binti wa kunisindikiza. Safari ya pili nilikata tiketi kwanza alafu ndo nikasema naondoka tarehe fulani narudi tarehe fulani, hoteli hii hapa, na kila nikitoka nawatumia lokesheni ya WhatsApp ile inayotembea, unaiwasha inakaa mpaka masaa 8. Wakatulia. Mtu akipewa tarehe ya kurudi hana la kuuliza sana.

Makaratasi. Wakenya na Waganda wanaingia Rwanda na kitambulisho cha taifa tu ila sisi Watanzania lazima pasipoti, ada ni 150,000 na inadumu miaka 10, kwahio usiogope gharama, utaitumia mpaka uchoke. Kadi ya homa ya manjano beba hata kama hujaulizwa. Sasa hapa wenye 60 kwenda juu sikilizeni vizuri: ile chanjo ukichomwa kwa mara ya kwanza ukiwa na umri huo inahitaji daktari akuangalie kwanza, usichome tu kwa vile foleni ni fupi. Na kadi inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, ukichoma juzi unasafiri leo bado haijawa kadi. Ukishachomwa ni maisha, ile habari ya kurudia kila miaka 10 ilifutwa 2016.

Dawa za presha na sukari zikae kwenye mkoba wa mkononi, kwenye pakiti yake ileile na cheti cha daktari, na uweke za siku tano zaidi. Miwani ya kusomea beba mbili. Mi ya kwangu niliikalia siku ya kwanza nikawa nasoma menyu kwa kunyoosha mkono kama napunga bendera.

Nguo usifunge kwenye mifuko ya plastiki. Rwanda waliipiga marufuku 2008 na mpakani wanaitoa kweli, utajikuta unamwaga chupi zako mbele za watu. Funga kwenye kanga. Kanga mbili zinatosha, moja mzigo, nyingine ya kujifunika kwenye basi na kuzungushia ukienda kuchimba dawa njiani, na kwa umri wetu tutachimba sana tu. Beba sweta pia, Kigali iko juu, jioni kuna kibaridi, na wale tunaoamka usiku na lile joto la ghafla mtaniambia asante.

Usafiri: kama hela ipo panda ndege. Kama ni basi kutoka Dar usijifanye binti, ni mchana na usiku na bado hujafika, miguu inavimba. Lala Kahama, asubuhi endelea mpaka Rusumo, mpakani. Kila gari likisimama shuka utembee. Pale Rusumo nilibadilisha hela kwa kijana mmoja anaesimama nje, ananihesabia harakaharaka huku ananiita mama mama, nakuja kuhesabu mwenyewe kwenye gari noti mbili hazipo. Badilisha ndani ya duka la kubadilishia hela, hesabu mbele yake, na kama unahitaji kuvaa miwani vaa, asubiri. Ukishavuka daraja la Kagera gari linahamia kulia, na wewe ukifika mjini kuvuka barabara uanze kuangalia KUSHOTO, jambo dogo ila mi nilinusurika nalo mara mbili. Alafu saa, wao wako nyuma yetu saa moja. Simu ilijirekebisha yenyewe ila saa ya mkononi wapi, nikashuka kunywa chai, mhudumu ndo kwanza anapanga vikombe.

Hoteli, kabla hujalipa piga simu uulize vitu viwili tu: lifti ipo? kama haipo, kuna chumba cha chini? Kigali ni vilima vitupu, magoti yatakua yameshafanya kazi yake mchana. Bodaboda zao wanaziita moto, abiria unapewa helmeti, vaa suruali au gauni pana ukae tanuka, upande upande hapana. Neno la kukariri ni "buhoro", yani taratibu. Mi nililiimba safari nzima.

Angalia kalenda pia. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuna umuganda, nchi nzima inafanya usafi na kazi za jamii kuanzia saa 2 mpaka saa 5 asubuhi, maduka yamefungwa na magari hayatembei. Nilijipangia kwenda soko la Kimironko asubuhi hio, nimejikoki na kikapu changu, mlinzi ananiangalia tu akaniambia kwa upole "mama, rudi ndani mpaka saa tano". Nikarudi nikalala, kusema kweli usingizi ulikua mtamu. Mchana ndo nikaenda Kimironko, vitenge mpaka macho yanauma na mafundi wako hapohapo, unapimwa unaacha unarudi kesho unachukua.

Makumbusho ya mauaji ya kimbari yako Gisozi, wamezikwa pale watu zaidi ya 250,000. Nenda asubuhi, na mchana usipange kitu. Sisi tuna umri wa kuikumbuka 1994 kwenye redio, tunakumbuka wakimbizi wanavuka hapo Rusumo, sio sawa na kijana anaesoma ukutani. Mi nilitoka nikakaa kwenye benchi bustanini muda mrefu, mdada mmoja wa pale akaniletea maji hakusema kitu.

Sasa ile ya kukaa mezani peke yako jioni, ambayo nyie wote mnaiogopa kuliko vibaka. Kigali usiku taa zinawaka na askari wapo, woga wangu ulikua ni ule wa mhudumu kuuliza "wangapi?" Siku ya kwanza nilidanganya nasubiri mtu, nikala harakaharaka kama nimeiba. Dawa niliyoipata: nenda mapema kabla watu hawajajaa, chagua meza ya pembeni inayoangalia mlango, agiza kitu kinachochukua muda, mishikaki na ndizi za kuchoma (mishikaki wao wanaita brochette), na simu iweke kwenye mkoba. Ndio, kwenye mkoba. Ukiishika unakua mtu anaesubiri simu, ukiiacha unaanza kuona watu. Siku ya tatu nilikaa saa nzima na nusu.

Ukizidiwa na ukimya nenda Nyamirambo, ndio uswahilini kwao, msikiti, saluni, chai ya maziwa, na Kiswahili kinaongewa barabarani. Kuna kituo cha wanawake pale, Nyamirambo Women's Center, kipo tangu 2007, wanakutembeza mtaani kwa miguu na ni wanawake wa mtaa wenyewe. Mi niliingia kusuka tu, nikatoka nimeshajua harusi ya nani inavunjika.

Wataokuuliza "mumeo yuko wapi" ni wengi, jibu fupi linatosha: "yupo". Hata kama hayupo. Namba ya chumba usimtajie mtu, hata mama mwenzio mliyezoeana kwenye basi.

Ukiona siku nne zimekutosha na bado una hamu, safari ijayo ongeza Rubavu, ile Gisenyi ya zamani, iko ziwa Kivu, kama masaa matatu manne kutoka stendi ya Nyabugogo. Mpaka wa Goma uko hapohapo, kwa sasa usivuke. Tiketi kata mapema na useme unataka siti ya dirishani, maana kwenye zile kosta wanakunja siti za katikati ya njia, ukipewa hio kila mtu akishuka na wewe unasimama, mpaka unafika magoti yameshakusema.