Uwe na Makasha Mangapi ya Jiokashi? Piga Hesabu Kabla ya Kuficha

Kuna mwaka nilikuwa na makasha 43 ya mchezo wa jiokashi, niliyoyaficha ili wengine wayatafute. Kwenye ramani yalipendeza. Kisha mvua ikanyesha wiki tatu mfululizo, na ndani ya mwezi huo nikapokea taarifa 11 za matatizo: karatasi za sahihi zilizolowa, vifuniko vilivyopasuka, makasha mawili yaliyopotea kabisa. Niliwahi kuyafikia manne. Saba yaliyobaki yalikaa hivyo hivyo zaidi ya miezi miwili, na watu wakaendelea kuyafuata. Mzazi mmoja alikwenda na mtoto wa miaka sita aliyekuwa akitafuta kasha lake la kwanza. Walilipata, wakalifungua, wakakuta rojo la karatasi na kutu. Mzazi aliandika taarifa fupi, bila hasira hata kidogo, na mpaka leo nikiikumbuka naona uchungu.

Sasa ninayo 17. Hapa nitaeleza jinsi nilivyoifikia idadi hiyo, ili nawe upate yako kabla hujajaza ramani.

Kwa aliye mgeni kabisa: jiokashi ni mchezo wa kuficha kasha mahali fulani, kutangaza latitudo na longitudo yake, na kuwaachia wengine walitafute kwa GPS, watie sahihi ndani, walirudishe palepale. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliondoa upotoshaji wa makusudi uliokuwa ukipunguza usahihi wa GPS kwa raia. Kesho yake Dave Ulmer akaficha ndoo nyeusi karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza mahali ilipo. Ndani ya siku tatu watu wawili walikuwa wameipata. Mchezo ulianza na ndoo moja tu.

Geocaching.com, tovuti kubwa kuliko zote za mchezo huu, haikuwekei kikomo cha idadi ya makasha ya kuficha. Inachodai ni uweze kuyatembelea na kuyatunza. Kwa hiyo kikomo unajiwekea mwenyewe, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea: tunapima kwa mwezi wetu mzuri, wakati tuna nafasi, afya na hamu. Pima kwa mwezi wako mbaya.

Hatua ya 1: Anza na moja, uishi nalo mwaka mzima

Kabla ya hilo moja, tafuta ya wenzako angalau 20. Utaona kwa macho yako kipi kinadumu na kipi kinaoza. Ukishaficha la kwako, vumilia. Sharti la kawaida ni kasha likusudiwe kukaa pale miezi mitatu au zaidi, lakini miezi mitatu haikufundishi kitu kuhusu matunzo. Kasha likipita kwenye mvua, jua kali, majani kuota na majani kukauka, ndipo utakapojua mahali ulipochagua panafaa au la. Mimi niliongeza la pili wiki mbili baada ya la kwanza, na yote mawili niliyaweka chini ya mizizi ya miti mahali ambapo maji hupita msimu ukibadilika. Ningesubiri, la pili nisingeliweka pale.

Hatua ya 2: Andika saa za mwezi wako mbaya

Chukua miezi 12 iliyopita, utafute ule ulioelemewa kuliko yote: kazi nyingi, mgonjwa nyumbani, safari. Jiulize, katika mwezi ule ningepata saa ngapi za kutoka kwenda kukagua makasha? Usiandike unachotamani. Ukipata saa nne una bahati. Ukipata saa moja, hiyo moja ndiyo utakayoifanyia hesabu.

Hatua ya 3: Jua kila kasha linakula muda kiasi gani

Hapa ndipo penye uzito wa jambo zima, maana makasha hayalingani. Makasha 20 mazuri yanaweza kukusumbua kidogo kuliko matano mabovu.

Tuanze na chombo chenyewe. Sanduku la chuma la kuwekea risasi za bunduki, lenye mpira mzima kwenye kifuniko linaweza kukaa miaka bila tone kuingia. Lina uzito na ni ghali kuliko kopo, lakini unalinunua mara moja. Linalofuata kwa ubora ni boksi la plastiki la chakula lenye vifungo pande nne, mradi plastiki yake haipasuki kwa jua na wanaolifungua hawaachi mfuko ukibanwa kwenye ukingo. Kichupa kinene cha plastiki ambacho viwanda hukipuliza kuwa chupa ya soda nacho ni imara kupita umbo lake. Kifuniko cha kuzungusha kinaziba vizuri. Kikopo cha filamu ya kamera ni kidogo, ni rahisi kukipata, na kinavuja. Kile kijisanduku cha sumaku cha kufichia funguo kinavuja zaidi, tena kinashika kutu. Makopo ya aina hizi mbili yalikuwa 26 kati ya 43 niliyokuwa nayo, na taarifa tisa kati ya zile 11 zilitoka huko.

Ukubwa pia unahesabika. Kwenye mchezo huu kasha lisilofika mililita 100 huitwa dogo sana, na karatasi yake hujaa haraka. Lile la ukubwa wa ncha ya kidole linabeba kikaratasi chembamba kama utepe. Likiwa mahali panapopitwa na watu wengi, utakuwa ukibadilisha utepe kila baada ya wiki chache. Kasha la kuanzia lita moja linabeba daftari, na daftari linaweza kumaliza miaka.

Halafu kuna mahali. Kasha lililo kando ya njia yenye watu wengi hupata wageni wengi, na kila mgeni ni mkono mmoja zaidi wa kufungua, kufunga vibaya, kurudisha pasipo pake. Wapita njia wasiojua mchezo nao hulikuta na kulichukua au kulitupa. Kasha la mlimani linalofikiwa na watu sita kwa mwaka halichoki haraka, lakini likiharibika safari moja inakula siku nzima. Usidanganyike na utulivu wa kasha la mbali.

Na kuna ugumu. Ukilificha kasha kwa ufundi mkubwa, watu watapekua mawe, watavunja matawi, watachimbua, na mwisho wataandika kwamba hawakulipata. Kila taarifa ya namna hiyo inakuuliza: lipo au limepotea? Mara nyingi jibu la uhakika ni kwenda.

Hatua ya 4: Piga hesabu yenyewe

Mimi huhesabu ziara mbili za kawaida kwa kila kasha kwa mwaka, hata kama halijaharibika kabisa. Hiyo ni sawa na sehemu moja ya sita ya ziara kila mwezi. Juu ya hapo, katika daftari langu la miaka michache, mwezi mbaya wa mvua huharibu kasha moja katika kila makasha matano, nalo hudai ziara ya ziada. Jumla, mwezi mbaya kila kasha linadai karibu ziara 0.37.

Tuseme ziara moja inakuchukua dakika 40, kutoka mlangoni hadi kurudi. Kila kasha linadai kama dakika 15. Ukiwa na saa nne, yaani dakika 240, unaweza kubeba makasha 16. Ondoa robo kwa ajili ya yale usiyoyatarajia, yabaki 12.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: makasha yawe mbali, kila ziara ichukue saa mbili. Kila kasha linadai dakika 44, na saa zako nne zinatosha makasha matano kabla hujatoa robo. Ndiyo maana makasha ya likizoni, yale mtu anayoyaacha ugenini kisha akapanda ndege kurudi kwao, kwa kawaida hayakubaliwi kuchapishwa asipoonyesha mpango wa nani atayatunza. Ni kanuni nzuri.

Ukiwa na mfululizo wa makasha manane kwenye njia moja, ziara moja inayamaliza yote, na hesabu inakuwa nyepesi. Nakubali. Ila kumbuka kwamba njia moja ina mafuriko mamoja, ukataji mmoja wa miti, na mwizi mmoja, kwa hiyo makasha yote yanaharibika pamoja. Kuna njia maarufu jimboni Nevada, kando ya barabara ya E.T. Highway, yenye makasha zaidi ya elfu moja yanayofanana. Kwenye njia za aina hiyo watafutaji wenyewe hubeba vikopo vya akiba na kuweka kingine pale kisipoonekana. Unaweza kuupenda mchezo huo, lakini hayo si matunzo ya mwenye makasha, na usiyachukue kama kipimo chako.

Hatua ya 5: Hesabu na wenye ardhi, na wenzako

Kila kasha linahitaji ruhusa ya mahali lilipo, na ruhusa nayo hutunzwa. Msimamizi wa bustani anabadilika, anayekuja hana habari na kile kisanduku chini ya daraja, anaita walinzi. Andika jina la aliyekuruhusu, lini, na njia ya kumpata. Ukiona huwezi kuwakumbuka wote waliokuruhusu, umeshazidisha.

Jambo la pili halisemwi sana. Kwenye Geocaching.com makasha mawili lazima yaachane angalau mita 161. Maana yake kila kasha unaloficha linafunga duara la karibu hekta nane ambamo hakuna mwingine anayeweza kuficha lake. Kikopo kilichojaa maji, ambacho mwenyewe umekisahau, kinamzuia jirani aliyekuwa na wazo zuri na chombo imara. Kwangu mimi hii ndiyo sababu nzito kuliko zote ya kutozidisha.

Hatua ya 6: Weka daftari na mkoba

Jedwali langu lina safu sita: jina la kasha, aina ya chombo, tarehe ya ziara ya mwisho, hali niliyoikuta, aliyetoa ruhusa, na ziara ijayo. Mkoba hukaa tayari karibu na mlango: karatasi zisizopenya maji, penseli (kalamu hugoma kwenye baridi na unyevu), mifuko ya zipu, vifuko vya kunyonya unyevu, taulo dogo, mpira wa kifuniko wa akiba, na chombo kizima cha kubadilishia. Bila mkoba huo ziara moja hugeuka mbili, na hesabu ya hatua ya 4 inavunjika.

Hatua ya 7: Jibu taarifa kwa mpangilio

Mtu akisema hakulipata, tazama ugumu uliouandika. Kwenye kasha la ugumu wa 4 kati ya 5, taarifa moja ya mgeni haina uzito. Kwenye la ugumu wa 1.5, mbili mfululizo zinatosha kukutoa nyumbani. Na kama aliyeshindwa ni mtafutaji mzoefu, nenda hata kwa moja.

Ukijua huwezi kwenda wiki hiyo, lizime kasha kwenye tovuti siku hiyo hiyo na uandike kwa nini. Kuzima huchukua dakika moja na kunamwokoa mtu safari ya bure. Lakini kuzima ni kwa muda: wiki nne hivi zikipita bila dalili yako, mkaguzi wa kujitolea anaweza kuanza kuuliza, na akikosa jibu atalifunga moja kwa moja, yaani kuliondoa kwenye ramani. Ukishatengeneza, andika taarifa ya matunzo ya mwenye kasha ili alama ya tatizo iondoke. Wengi hutengeneza kweli lakini wanasahau hili, na kasha zima linaendelea kuonekana bovu.

Mtu akijitolea kukuwekea kikopo kingine bila kuwa na hakika kwamba cha kwanza kimepotea, mshukuru na umwombe asifanye hivyo. Niliwahi kukuta vikopo vitatu mahali pamoja, kile cha zamani kikiwa palepale nilipokiweka.

Hatua ya 8: Punguza kabla hujalazimishwa

Mara moja kwa mwaka pitia jedwali. Kasha lililokutoa nyumbani zaidi ya mara nne lipate chombo bora au lifungwe. Kasha ambalo hata wewe hutamani kulitembelea, lifunge. Kama mahali ni pazuri na watu wanapapenda, mtafute mwenzako anayeishi karibu alichukue. Tovuti ina utaratibu wa kuhamisha umiliki, na historia yote ya kasha inabaki. Mimi niliwapa wenzangu manane kwa njia hiyo, na 18 nikayafunga.

Ukiamua kufunga, nenda kwanza ukachukue chombo, ndipo ubonyeze kitufe. Kinyume chake ni kuacha takataka porini, kwa sababu kasha likishafungwa halionekani tena kwenye ramani ya watafutaji na hamu ya kulifuata inapotea. Peleka taulo, futa pale mahali, rudisha mawe yalivyokuwa. Miezi miwili baada ya kuondoa moja ya vikopo vyangu chini ya daraja, mtu nisiyemjua aliweka boksi zuri la lita mbili mita 60 kutoka pale, na daftari lake lina sahihi yangu ukurasa wa kwanza.