Hatua za kuchagua kadi ya sauti ya USB kwa kurekodi muziki nyumbani

Hatua ya 1: Kadi ya sauti ni kifaa kinachoingiza sauti ya maiki na vyombo kwenye kompyuta. Hesabu utakavyorekodi kwa pamoja. Usihesabu vyombo vyote ulivyo navyo. Anayeimba huku akipiga gitaa anahitaji matundu mawili ya kuingizia sauti. Anayerekodi kimoja kimoja anaweza kutosheka na moja, ingawa mimi humshauri achukue mawili, maana hakosi siku ya kuimba na mwenzake.

Hatua ya 2: Linganisha kadi na maiki yako. Maiki nyingi za kondensa za studio hazitoi sauti bila umeme wa volti 48 unaopita kwenye waya wa XLR (waya wa maiki wenye pini tatu), kwa hiyo tafuta kitufe cha 48V. Maiki za dainamiki haziuhitaji, ila baadhi zina sauti dhaifu. Shure SM7B, kwa mfano, hutaka kuongezewa takriban desibeli 60, na kadi hafifu ikikazwa hadi huko huanza kuvuma. Soma kwenye maelezo ya kadi inaweza kuongeza desibeli ngapi (gain) kabla ya kulipa. Kwa gitaa la umeme, hakikisha kuna tundu lenye alama ya gitaa au Hi-Z. Ukilichomeka kwingine, sauti hupoteza ung'avu.

Hatua ya 3: Chunguza draiva, yaani programu inayounganisha kadi na kompyuta. Hapa ndipo wengi hawaangalii, na hapa ndipo kazi huharibika. Kama unatumia Windows, chagua kadi ambayo kampuni yake imeitengenezea draiva ya ASIO (aina ya draiva inayopunguza ucheleweshaji wa sauti) na bado inaisasisha. Kwa Linux, tableti au simu, tafuta inayotambulika yenyewe bila kusakinisha chochote. Draiva nzuri hukuwezesha kushusha bafa (akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchakatwa na kompyuta) hadi sampuli 128 bila sauti kukatikakatika, kwa 44.1 kHz (sampuli 44,100 kwa sekunde) hizo ni kama milisekunde 3 tu. Draiva mbovu hukulazimisha kuipandisha, na mwimbaji anajisikia kwenye hedifoni akiwa amechelewa, basi mapigo yote yanamtoka. Hata hivyo, pendelea kadi yenye kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja kabla sauti haijapita kwenye kompyuta.

Hatua ya 4: Usinunue namba. Biti 24 (usahihi wa kila sampuli) kwa 44.1 au 48 kHz zinatosha kabisa. 192 kHz hufanya faili liwe kubwa mara nne ya lile la 48, na wimbo wako hautakuwa mtamu zaidi. USB 2.0 pia inatosha kwa matundu machache, na umbo la USB-C halimaanishi kasi.

Hatua ya 5: Ijaribu ingali na muda wa kurudishwa. Ichomeke kwenye kompyuta moja kwa moja, weka maiki, pandisha sauti kwa kiwango utakachoimbia, kisha rekodi chumba kikiwa kimya. Sikiliza kwa hedifoni. Ukisikia mlio wa kompyuta au mvumo unaozidi kelele za chumba chenyewe, badilisha waya kwanza, usipoondoka, irudishe.