Kutafuta Sarafu za Zamani kwenye Kiwanja Kitupu Mombasa

Kabla ya kuwasha mashine ya kugundua metali, mtafute mwenye kiwanja na umwombe ruhusa kwa maandishi, hata kama ploti hiyo imekaa miaka mingi bila kufyekwa. Mwarifu pia mzee wa mtaa, maana mtu anayechimbachimba alfajiri huzua maneno. Ukiona dalili za makaburi, ondoka.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni sheria. Sheria ya Kenya ya makavazi na turathi ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu chochote kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, na kukitafuta kitu cha aina hiyo ardhini kunahitaji leseni. Kwa hiyo simshauri mtu yeyote apeleke mashine Mji wa Kale wala kandokando ya Fort Jesus. Chagua kiwanja cha Likoni, Changamwe au Kisauni, hasa chini ya mwembe mkongwe ambapo watu wamekuwa wakiketi na kuuziana vitu, na utarajie ndururu (senti tano), peni (senti kumi) na thumni (senti hamsini) za enzi ya ukoloni. Ikitokea umeibua pesa ya shaba ya mwaka 1888 yenye picha ya mizani, iliyotolewa na kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani wakati huo, acha kuchimba, weka alama mahali hapo, na uwaarifu watu wa makavazi bila kukawia.

Nenda baada ya mvua, kwa sababu udongo wenye unyevu huchimbika kwa urahisi na mara nyingi husaidia ishara kusikika. Isawazishe mashine na udongo wa papo hapo, yaani irekebishe hadi isilie kwa sababu ya udongo wenyewe, kisha upitishe sahani yake, lile duara la chini linalohisi metali, polepole, karibu kabisa na ardhi, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia. Mlio ukisikika, geuka upande na upitishe tena: sarafu hulia vilevile kutoka pande zote mbili, ilhali msumari mara nyingi hulia upande mmoja na kukatika upande wa pili. Vifuniko vya soda ndivyo wadanganyifu wakubwa, nawe utachimba vingi kabla ya kuvizoea.

Kata nyasi pande tatu, uzifunue kama kifuniko, na umwage udongo juu ya kipande cha turubai, ukiuchambua kwa vidole. Peni hutoka ikiwa ya kijani, tundu lake la katikati limejaa udongo, na ukiipangusa kwa kidole gumba unaziona pembe za ndovu zimelizunguka tundu hilo. Usiisugue kwa ndimu na majivu kama sinia ya shaba, kwa kuwa maandishi yatatoka pamoja na kutu. Isuuze kwa maji safi, uiache ikauke, na uandike mahali na kina ulipoipata.

Rudisha udongo wote, ukanyage nyasi zishike, na uondoke na misumari na vifuniko vyote ulivyovitoa, maana watoto hucheza hapo pekupeku.