Somo: Mchoro wa nyumba unagoma? Jua kwanza tatizo liko kwenye mchoro, kwenye skrini au kwenye karatasi

Habari zenu wakuu. Kila mara nakutana na mtu anasema AutoCAD yake (programu ya kuchora ramani kwenye kompyuta) imeharibika, anashauriwa aitoe aiweke upya, inapotea nusu siku nzima, akija kufungua lile faili tatizo liko palepale. Linabaki palepale kwa sababu mara nyingi programu haina shida yoyote, shida iko ndani ya faili. Nitaongelea zaidi AutoCAD maana ndiyo wengi tunaanzia, ila SketchUp na Sweet Home 3D nitazigusa, na wewe unayetumia nyingine mambo ni yaleyale, majina ya vitufe ndiyo yanabadilika.

Hatua ya 1: pima kabla hujagusa kitu

Andika DI, bonyeza Enter, bofya pembe mbili za ukuta ambao urefu wake unaujua, halafu soma namba. Namba ikiwa siyo, tatizo liko kwenye mchoro wenyewe. Namba ikiwa sawa ila unachokiona ni vituko, basi ni skrini tu, nyumba yako haina neno. Na kama namba iko sawa, skrini iko sawa, ila karatasi imetoka ovyo, shughulika na leyauti (ukurasa wa kupangia mchoro kabla ya kuprinti) na printa, kuta usiziguse kabisa. Watu wengi wanaharibu mchoro mzima kwa sababu karatasi ilitoka vibaya wakaanza kuvuta kuta.

Na ukishapima usiishie kwenye urefu, soma na Delta Z, yaani tofauti ya kimo kati ya hizo pembe mbili. Kwenye ramani ya chini inatakiwa iwe 0. Ikiwa siyo 0 kumbuka hilo, tutarudi kwake hatua ya 3.

Hatua ya 2: vipimo

AutoCAD haijui mita wala inchi. Ukiandika 4000 kwake ni 4000 basi, wewe ndiye unayeamua kwamba hizo ni milimita. Ndiyo maana mlango uliotolewa kwenye faili la mtu mwingine unaingia mkubwa kuliko nyumba, au unaingia mdogo mpaka huuoni.

Namba yenyewe inakuambia nini kimetokea. Chukua mlango wa 900. Ukiupima ukasoma 22860, umezidishwa mara 25.4, yaani programu imedhani ni inchi ikazigeuza kuwa milimita. Ukisoma 35.43 ni kinyume chake, umegawanywa kwa 25.4. Ukisoma 0.9 basi aliyeuchora alichora kwa mita. Dawa ni SCALE, chagua vyote, weka kituo 0,0, kisha andika namba ya kuzidisha, 1000 kwa mita kwenda milimita, 25.4 kwa ule uliogawanywa, au 1/25.4 kwa ule uliozidishwa. Kama hujui namba ya kuzidisha, ndani ya SCALE andika R, bofya ncha mbili za kitu unachokijua urefu, halafu andika urefu wa kweli, yenyewe itapiga hesabu.

Kitu kinachochanganya wengi: kubadilisha kwenye UNITS hakubadilishi ukubwa wa ulichokwisha chora. Hiyo inaambia programu tu vitu vipya vikiingizwa vigeuzwe vipi. Kwa hiyo weka UNITS sawa mwanzoni kabisa kabla hujachora hata mstari mmoja.

Kwa wanaochora juu ya picha ya ramani iliyoskaniwa, mfano Sweet Home 3D, ukiingiza picha inakuomba uweke mstari juu ya kitu chenye urefu unaojulikana. Tafadhali chagua kipimo kirefu kuliko vyote kwenye ramani. Ukikosea sentimita moja kwenye mlango wa mita moja umekosea asilimia 1, na nyumba ya mita 15 itakuja kukosea sentimita 15. Ukikosea hiyohiyo sentimita moja kwenye ukuta wa mita 10, nyumba yote itakosea sentimita moja na nusu tu.

Hatua ya 3: kuta hazikutani, hachi (michirizi ya kujaza eneo) inagoma

Hapa ndipo penye kesi nyingi kuliko kote, na karibu zote zinaanzia kwenye kuchora kwa macho. Pembe inaonekana imefunga, ukivuta karibu sana unakuta mwanya wa milimita moja. Wewe huuoni, programu inauona, ukiweka hachi inakuambia eneo halijafungwa. AutoCAD ikigoma hivyo huwa inaweka viduara vyekundu pale penye mwanya, fuata hivyo. Kufunga, tumia FILLET huku umeshikilia Shift unapobofya mstari wa pili, inakupa pembe kali bila kujali radiasi iliyowekwa. Na kuanzia hapo OSNAP (inayonatisha mshale kwenye ncha za mistari) iwe imewaka muda wote, kitufe ni F3, Endpoint na Intersection zikiwa zimetikiwa.

Umefunga kila pembe na bado inagoma? Ile Delta Z sasa. Mstari mmoja uko chini mwingine uko juu, ukiangalia kutoka juu unaona vimegusana kumbe vinapishana hewani. Chagua mistari yote, fungua Properties, weka Start Z na End Z zote 0. Kwa polilaini (mistari iliyoungana kuwa kitu kimoja) utakuta Elevation, nayo iweke 0. Ukiwa na FLATTEN kazi inakuwa nyepesi zaidi, ila fanya kwenye nakala ya faili maana inaweza kuvurugavuruga baadhi ya vitu. Halafu piga OVERKILL kuondoa mistari iliyolaliana, utashangaa ilivyo mingi.

SketchUp ugonjwa ni huohuo, unazunguka mistari yote na uso haujitokezi. Nenda kwenye mipangilio ya stail washa Endpoints, kila mwisho wa mstari utakuwa na kichwa kinene, kwa hiyo mstari uliokatika katikati ya ukuta utauona mara moja. Kama hakuna uliokatika, basi kuna ncha haiko kwenye bapa moja na wenzake. Chora mstari wa mshazari kutoka pembe moja hadi nyingine, upande utakaozaa uso uko salama, upande unaobaki tupu ndio wenye ncha mbovu, endelea kuugawa mpaka uikamate. Na kwenye Sweet Home 3D, ukibofya mara mbili ndani ya chumba kwa kile kifaa cha kutengeneza vyumba na isitengeneze chochote, kuta hazijaungana, usimtafute mchawi.

Hatua ya 4: vitu havionekani

Hapa usiwe na hofu, mchoro upo. Angalia leya (matabaka ya mchoro) kwanza, LAYON inawasha zilizozimwa zote na LAYTHW inayeyusha zilizogandishwa. Bado? Andika UNISOLATEOBJECTS, labda ulivificha bila kujua. Hachi imewekwa vizuri ila haionekani, andika FILLMODE weka 1 kisha REGEN, inayochora skrini upya. Duara linaonekana lina kona kona, REGEN tu. Mistari ya vipande inaonekana kama mstari mzima, hiyo ni LTSCALE, pandisha au shusha mpaka ikae sawa.

Ukipiga Zoom Extents nyumba ikageuka nukta, kuna kitu kimetupwa mbali huko, pengine herufi moja tu. Kitafute ukifute. Na kama umepokea ramani ya kiwanja yenye koodineti za namba kubwa za mamilioni, mistari itacheza cheza na SketchUp itaanza kukata kuta ukisogea karibu. Tengeneza nakala, ihamishie karibu na 0,0 uchoree hapo. Faili la mpimaji liache lilivyo, lile lina mahali pake halisi duniani.

Hatua ya 5: karatasi

Kwenye kuprinti ondoa tiki kwenye Fit to paper. Hiyo tiki inabana mchoro utoshe karatasi, skeli inakufa, na fundi akiweka rula anapata namba za ajabu.

Chagua karatasi kwa hesabu. Nyumba ya mita 20 kwa 1:100 inakuwa milimita 200, A3 yenye 420 kwa 297 inatosha vizuri na vipimo vyake pembeni. Kwa 1:50 inakuwa 400, hapo A3 utabanana, nenda A2. Weka skeli kwenye dirisha la leyauti kisha lifunge kufuli, la sivyo ukigusa kiduara cha mausi tu skeli imeondoka.

Kitu kinaonekana kwenye skrini ila hakiprinti? Tizama kama kiko kwenye leya ya Defpoints, hiyo haiprinti hata ufanyeje. Rangi zinatoka hafifu, chagua monochrome.ctb kila kitu kitatoka cheusi.

Na hii naomba kila mtu aifanye: chora mstari wa milimita 100 pembeni kwenye leyauti, printi, upime kwa rula. Ikiwa 97, basi aliyeibana ni kisomaji cha PDF au printa, chagua Actual size uprinti tena. Huu mstari uache kwenye kila karatasi hata ya mwisho, kila atakayeprinti baadaye atajua kama skeli bado ni ya kweli.

Hatua ya 6: faili lenyewe linaumwa

Faili zito au linajifunga lenyewe: AUDIT ukikubali irekebishe, kisha PURGE. Halifunguki kabisa, fungua faili tupu uandike RECOVER ulichague. Ikishindikana kuna .bak pembeni yake, inakili, badilisha mwisho uwe .dwg.

Karibuni maswali.

Swali: Mkuu, mimi nikibofya Open hakuna dirisha linalokuja, linatokea swali tu kule chini kwenye mstari wa komandi. Nimeitoa programu nikaiweka tena bado.

Jibu: Andika FILEDIA weka 1, imeisha. Mara nyingi kuna skripti au lispu (vijiprogramu vya kuendesha komandi vyenyewe) iliizima ikakatika kabla ya kuirudisha.

Swali: Nikichagua ukuta wa pili ule wa kwanza unaachia, lazima nishikilie Shift.

Jibu: PICKADD, weka 2.

Swali: Mwalimu kompyuta imezima ghafla sikuwa nimesevu tangu asubuhi, kuna matumaini?

Jibu: Yapo. Usifungue na kufunga lile faili hovyo kwanza. Andika SAVEFILEPATH ikuonyeshe folda, nenda huko tafuta faili lenye mwisho .sv$ la muda ule, LINAKILI kwanza sehemu nyingine, kisha ile nakala ibadilishe mwisho iwe .dwg. Kwa kawaida inajisevu kila dakika 10. Fanya mapema maana ukifunga mchoro kwa utaratibu wa kawaida, hilo faili la muda linafutwa.

Swali: SketchUp imekuwa nzito sana tangu niweke samani, nimezifuta zote bado nzito vilevile.

Jibu: Ulichofuta ni kinachoonekana dada, ramani yake bado imo ndani ya faili. Nenda Window, Model Info, Statistics, bofya Purge Unused. Na vivuli vizime wakati unachora, viwashe ukitaka kutoa picha.

Swali: Nimerefusha chumba kutoka 3600 hadi 3900 ila kipimo kinaendelea kuandika 3600. Nimepiga REGEN mpaka nimechoka.

Jibu: Pima kwa DI kwanza. Kama ni 3900 kweli, kuna mtu aliandika ile namba kwa mkono juu ya kipimo. Chagua kipimo, Properties, sehemu ya Text override, futa kilichoandikwa humo kitarudi kusoma chenyewe. Hili naomba tuliangalie kwa uzito jamani, fundi kule saiti anafuata namba iliyoandikwa, hatapima mstari wako kwa rula, kwa hiyo namba iliyoandikwa kwa mkono inaweza kujenga ukuta mahali ambapo hamkukubaliana. Kagua vipimo vyote vya hilo faili, akishafanya kimoja kuna vingine.

Swali: Nimetumiwa faili linasema limetengenezwa na toleo jipya, AutoCAD yangu ni ya 2016.

Jibu: Mwombe aliyekutumia afanye Save As achague muundo wa 2013, yako italisoma, maana 2013 hadi 2017 zinatumia muundo mmoja. Ila kwa wa Revit (programu nyingine ya kuchora majengo) hilo halipo, toleo la zamani halifungui faili la toleo jipya wala huwezi kulisevu kurudi nyuma, mkubaliane toleo kabla ya kazi kuanza.

Swali: Kaka mbona hukutaja HPGAPTOL? Mimi naweka 10 hachi inaingia bila kuhangaika kufunga pembe.

Jibu: Inaingia kweli, na kama unataka picha tu haina ubaya. Ila mwanya bado upo. Ukija kupandisha kuta kuwa 3D, au kuunganisha mistari ipate eneo la chumba, utakutana nao tena na safari hiyo mchoro utakuwa umeshajaa. Irudishe 0, funga pembe na FILLET, chumba kimoja ni Shift na mibofyo michache.

Swali: Nimepima ule mstari wa 100 umetoka 100 kwa upana, ila nikiuchora wa kusimama unatoka 99. Nifanyeje?

Jibu: Hiyo ni printa inavuta karatasi kidogo upande mmoja, mchoro usiuguse. Angalia kama printa yako ina kalibresheni kwenye menyu yake, na kwa sasa weka mistari miwili ya 100, mmoja wa kulala mmoja wa kusimama.

Swali: Sawa mkuu, imo kwenye menyu, ngoja nijaribu.

Jibu: Ukimaliza printi kwenye karatasi ya aina ileile utakayotumia, karatasi nene na nyembamba hazivutwi sawa.